Asilimia ya Nini?

Jumanne usiku, chini ya maktaba ya Fall River,
chumba chenye bomba linalokoroma kama mgonjwa,
Bi Sokha Prum anaandika ubaoni:
Koti lilikuwa dola themanini. Likapanda asilimia ishirini.
Baadaye likashuka asilimia ishirini. Sasa ni bei gani?

Themanini, nasema, tena kwa sauti.
Limepanda, limeshuka, limerudi lilikotoka.
Nina miaka hamsini na mitatu, ngazi naijua.

Hasemi nimekosa. Ananielekezea chaki:
Deolinda, asilimia ishirini ya nini?
Ya koti.
Koti lipi? La themanini, au la tisini na sita?

Kimya. Bomba linakoroma.

Shule niliiacha darasa la nne, kisiwani São Jorge,
ng'ombe kumi na mmoja na baba mwenye mgongo mbovu.
Sehemu nilizisoma kwenye jibini: nusu gurudumu, robo gurudumu,
na kisu hakikuwahi kuniambia nichague A, B, C au D.

Maswali ya mtihani yananitia hasira.
Mtu kanunua matikiti arobaini na nane, robo yameoza.
Mtu gani huyu? Hakuyabonyeza?
Tangi limejaa theluthi mbili, kisha wametoa nusu ya maji.
Wameyapeleka wapi?
Usiwaonee huruma, anacheka Bi Sokha,
hawapo. Wewe pigia mstari ile "ya".
Nusu ya theluthi mbili. Robo ya matikiti.
Penye "ya" pana kuzidisha.

Namba ya juu ni kiasi, ya chini ni asili.
Nusu na theluthi hazijumlishwi
mpaka zitafutiwe asili moja.
Nikamtazama yeye wa Battambang, nikajitazama mimi,
nikamtazama kijana wa Guatemala anayesinzia pale nyuma.
Sita, nikasema. Asili yao ni sita.
Akaweka alama ya vema, hakuongeza neno.

Narudi kwenye koti. Naandika polepole, ulimi nje kama mtoto:
ishirini kwa mia ya tisini na sita
ni kumi na tisa na senti ishirini.
Linabaki sabini na sita na senti themanini.
Halikurudi lilikotoka.

Na hapo penseli ikasimama yenyewe.

Kiwandani tunafua mashuka ya hospitali.
Mwaka juzi bwana Thibodeau alisema hali ni ngumu,
akatukata asilimia ishirini: kumi na tano ikawa kumi na mbili.
Machi mwaka huu akaja na maboksi ya donati,
akasema anaongeza asilimia ishirini, tumerudi pale pale.
Tulipiga makofi. Mimi nilipiga makofi,
sukari ikiwa bado vidoleni.
Hati ya mshahara sikuwa naisoma,
ina makato mengi kuliko Kwaresima.

Ishirini kwa mia ya kumi na mbili: mbili na senti arobaini.
Kumi na nne na senti arobaini.
Senti sitini hazipo, kila saa.
Saa arobaini, dola ishirini na nne.
Wiki thelathini na moja: mia saba arobaini na nne,
ukitoa donati mbili.

Bi Sokha alisoma juu ya bega langu.
Hili swali halimo kitabuni, akasema.
Limo, nikasema.

Mtihani ni Jumamosi. Sijui kama nitapita;
maumbo ya pembetatu bado yananichoma.
Lakini Jumatano, saa ya chai, nilipanda ofisini
na karatasi niliyoikunja mara mbili mfukoni mwa aproni.
Thibodeau akasema, mama, nilikata ishirini, nikarudisha ishirini.

Ya nini? nikamuuliza.

Akafungua mdomo.
Nikamsubiri, bila haraka,
kama nilivyosubiriwa mimi.